Moyo Una Neno na Figo

Watoto wa Uvira wanaijua siri moja ya mwili bila kufundishwa na mtu. Mtoto akiingia Ziwa Tanganyika pale Kalundu, akasimama maji yakamfika shingoni, akacheza nusu saa na wenzake, mkojo humbana hata kama hakunywa kitu tangu asubuhi. Wengi humaliza shida hukohuko majini, na mama zao wanajua ila hawasemi. Ukiuliza sababu, utaambiwa ni baridi. Baridi ina sehemu yake, lakini mwenye neno kubwa hapo ni moyo.

Maji yakimzunguka mtu mpaka shingoni, uzito wake unaibana miguu na tumbo, na damu iliyokuwa imetulia huko chini inasukumwa kwenda kifuani. Vyumba viwili vya juu vya moyo, vile vinavyopokea damu inayorudi, vinajaa na kutanuka. Moyo unapotanuka hivyo unajua kwamba maji mwilini yamezidi, au angalau unadhani hivyo. Papo hapo unamwaga homoni ndani ya damu. Homoni inafika kwenye figo na kuzitaka zifungue mlango. Figo zinaitoa chumvi, maji yanaifuata chumvi, na mtoto anatafuta pa kujisaidia.

Wasikilizaji wa bonde la Ruzizi, kule Luberizi, Sange na Luvungi, wamezoea kusikia kwamba roho, kama moyo unavyoitwa huku Kongo, ni pampu. Ndivyo walimu walivyofundisha, na walifundisha ukweli, ila nusu yake. Homoni zilihesabiwa kuwa kazi ya kongosho, ya tezi ya shingoni, ya viungo vya uzazi. Moyo ulipewa kazi ya kibarua: kusukuma, kupumzika kidogo, kusukuma tena. Hakuna aliyedhani kwamba kibarua huyo pia anaandika barua.

Dalili zilikuwapo mapema. Mwaka 1956 Bruno Kisch alitazama moyo wa simbilisi kwa hadubini ya elektroni, akaona punje ndogo nyeusi zimejaa katika vyumba vya juu, na hakuna zilizofanana nazo katika vyumba vya chini. Mwaka huohuo James Henry, Otto Gauer na mwenzao wakapuliza kiputo ndani ya chumba cha juu cha kushoto cha moyo wa mbwa, na mbwa akaanza kukojoa sana. Mambo hayo mawili yalikaa mbalimbali kama majirani wasiosalimiana. Mwaka 1964 Jamieson na Palade walizichunguza zile punje vizuri zaidi, wakaona zimefanana na ghala za tezi zinazotengeneza homoni. Bado hakuna aliyejua ndani yake mna nini.

Aliyeziunganisha habari hizo ni Adolfo de Bold, mzaliwa wa Argentina aliyekuwa akifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Queen's, mjini Kingston, Kanada. Jaribio lake la mwaka 1981 ni la kawaida kiasi cha kumfanya mtu acheke. Alichukua vyumba vya juu vya mioyo ya panya, akavisaga, akachuja, na mchuzi wake akaudunga katika mishipa ya panya wengine. Kwa upande mwingine alisaga vyumba vya chini akafanya vilevile. Waliopata mchuzi wa vyumba vya chini hawakubadilika. Waliopata ule wa juu walianza kukojoa ndani ya dakika chache. Chumvi iliyotoka katika mkojo wao iliongezeka zaidi ya mara 30, na shinikizo la damu yao likashuka. Miaka mitatu baadaye, Kangawa na Matsuo huko Japani walisoma umbo kamili la homoni hiyo kwa binadamu: mnyororo wa asidi amino 28. Ikapewa jina refu ambalo hufupishwa kwa herufi tatu, ANP, na maana yake ni kitu kitokacho vyumba vya juu vya moyo kinachotoa chumvi kwa njia ya mkojo.

Mwaka 1988 watafiti haohao wa Japani walipata ndugu yake katika ubongo wa nguruwe. Wakamwita BNP, herufi ya kwanza ikisimama badala ya ubongo. Baadaye ikaonekana kwamba kwa binadamu anatoka zaidi katika vyumba vya chini vya moyo, tena hasa vikielemewa. Jina halikubadilishwa. Ndiyo maana hata leo mgonjwa anaweza kupewa karatasi ya maabara yenye jina la ubongo kumbe aliyepimwa ni moyo.

Kwa mtu wa kandokando ya Tanganyika, jambo hili halihitaji michoro ya vitabuni. Alitazame ziwa. Burton na Speke walipofika Uvira Aprili 1858, walikuwa na hamu moja: kuusikia Ruzizi ukisemwa kuwa unatoka ziwani kwenda kaskazini, ili wapate chanzo cha Nili. Wana watatu wa chifu wa Uvira waliwaambia wazi: Ruzizi unaingia. Livingstone na Stanley walikwenda kuthibitisha mwaka 1871, wakakuta wenyeji walisema kweli. Basi maji yanaingia kwa mito mingi, na mengi yanakwenda angani kwa jua, lakini mto wa kutokea ni mmoja tu, Lukuga, kule Kalemie. Cameron alipoufikia mwaka 1874 aliukuta umesongwa na magugu. Ziwa likapanda mwaka hadi mwaka, mpaka kizuizi kikavunjika. Hore wa misheni ya London alipopita mwaka 1879 alikuta Lukuga ukienda kwa kasi, na baada ya hapo ziwa likashuka kwa mita kadhaa. Na waliopoteza nyumba Kalundu maji yalipopanda mwaka 2024 hawahitaji kukumbushwa maana ya maji kuingia kwa wingi kuliko yanavyotoka.

Mwilini, kinachoingia ni chumvi na maji yake. Lukuga ni figo. Tofauti ni kwamba ziwa haliwezi kumpigia Lukuga simu. Moyo unaweza.

Tena moyo hausemi na figo peke yake. ANP inailegeza misuli ya mishipa ya damu ili njia ipanuke. Inazizuia renini na aldosteroni, homoni mbili za upande wa pili ambazo kazi yao ni kuishika chumvi na kuibana mishipa. Hizo mbili ni za zamani na ni kali, kwa kuwa kwa sehemu kubwa ya historia ya binadamu chumvi ilikuwa adimu na jua lilikuwa lilelile. Katika ukanda huu chumvi ilitafutwa mbali. Chemchemi za Uvinza, mashariki mwa Ujiji, zimechemshwa na kutoa chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000, na marobota yake yalipita sokoni Ujiji na kuvuka ziwa kama bidhaa ya thamani, wala si kitu cha kumwaga sufuriani bila kuhesabu. Mwili uliozoea uhaba huo umejengwa kuwa bahili. Homoni za moyo ndizo zinazoukumbusha kwamba siku nyingine kuna ziada.

Sasa swali la watu wa presha, au tansio kama wasemavyo Uvira: kama moyo una dawa yake yenyewe ya kushusha shinikizo, kwa nini shinikizo linapanda?

Jibu moja zuri lilitoka kwa panya wa Chapel Hill, North Carolina, mwaka 1995. Simon John, Oliver Smithies na wenzao walitengeneza panya waliokosa jeni ya ANP. Wale wasiokuwa nayo kabisa walipata shinikizo la juu hata kwa chakula cha kawaida. Lakini waliofundisha zaidi ni wale wa katikati, waliorithi jeni moja nzima badala ya mbili. Kwa chakula cha kawaida walikuwa sawa na wenzao. Ungewapima usingeona kitu. Walipolishwa chumvi nyingi mno, shinikizo lao likaruka kwa milimita 27. Smithies alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2007 kwa ufundi huo wa kubadili jeni za panya. Kwa mtu wa kawaida, jambo la kushika ni hili: udhaifu unaweza kukaa kimya miaka yote, ukingoja chumvi.

Kwa binadamu udhaifu huo una sura nyingi. ANP hutengenezwa kwanza ikiwa ndefu, haifanyi kazi mpaka ikatwe na kimeng'enya kinachokaa juu ya chembe za moyo, kiitwacho korini. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walieleza aina ya korini isiyokata vizuri, ambayo huonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika, na wenye nayo walikuwa na shinikizo la juu zaidi. Utafiti mwingine huko Dallas ulionyesha kwamba Wamarekani weusi kwa wastani wana kiwango kidogo cha homoni za moyo kuliko weupe. Unene nao unazishusha. Na mwaka 2012 ikajulikana kwamba korini inahitajika hata katika mji wa mimba: panya wajawazito waliokosa korini hapo walipata presha na protini katika mkojo, picha inayofanana sana na ile ya mama anayeelekea kupata kifafa cha mimba.

Hapa ndipo watu huruka kwenye hitimisho: basi ni damu yetu, tumezaliwa hivyo. Polepole.

Mwaka 1929 daktari mmoja wa hospitali ya Kisii, magharibi mwa Kenya, C. P. Donnison, aliandika katika jarida la Lancet kwamba amepima watu wapatao 1,000 wa eneo hilo. Shinikizo lao halikupanda na umri kama la Wazungu. Baada ya miaka 40 lilishuka. Katika miaka miwili ya wagonjwa waliolazwa hakuona hata mmoja wa presha. Miongo kadhaa baadaye Neil Poulter na wenzake waliwafuata Waluo waliohama kutoka vijiji vya kando ya Ziwa Victoria kwenda Nairobi. Mwaka 1990 walichapisha walichokiona: ndani ya miezi michache ya kufika mjini, shinikizo la wahamiaji lilikuwa juu ya lile la wenzao waliobaki nyumbani. Mkojo wao ulikuwa umebadilika pia: sodiamu, iliyomo katika chumvi, imepanda ikilinganishwa na potasiamu, ile inayotokana na ndizi, viazi vitamu, maharagwe na mboga. Watu walewale, damu ileile, moyo uleule wenye korini ileile. Kilichobadilika ni sahani, na uzito wa mwili, na pengine roho juu juu ya maisha ya mjini.

Kwa hiyo macho yaelekee jikoni. Luberizi ni mahali pa mpunga, muhogo na mahindi; barabara ya Bukavu inapita hapo, na kila kinachouzwa Uvira kinafika. Chakula cha msingi hakina kosa. Ugali wa muhogo hauna chumvi. Sombe yenyewe ni majani. Ndagala wa ziwa waliokaushwa juani ni chakula bora. Mambo yanaharibika katika vitu vitatu vidogo. Kwanza makayabo, samaki wa chumvi anayekuja kutoka mbali, ambaye hata akilazwa majini usiku kucha na kubadilishiwa maji mara mbili bado ni mkali ulimini. Pili vile vibonge vya kuungia mchuzi, Maggi na ndugu zake: karibu nusu ya uzito wa kibonge ni chumvi tupu, na mpishi akishatia viwili vitatu, bado anachota chumvi kwa vidole, maana mkono umeshazoea. Tatu ni chumvi ya mezani, inayonyunyizwa kabla chakula hakijaonjwa. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyote hivyo kwa pamoja, siku nzima.

Mkulima anayelima bondeni jua la saa sita anapoteza chumvi kwa jasho, na huyo hana haja ya kuogopeshwa na mchuzi wake. Tatizo ni kwamba anayekaa kivulini dukani anakula sahani ileile.

Mwanzoni moyo unavumilia. Shinikizo likibaki juu kwa miaka, ukuta wa chumba cha chini cha kushoto unanenepa kama mkono wa mpiga makasia, na tofauti na mkono huo, unene huu hauleti nguvu. Unakuwa mgumu, kisha unachoka. Ndipo BNP inapomwagika kwa wingi. Wengine hushangaa: homoni ya kushusha presha ni nyingi, mbona mgonjwa anazidi? Ni kwa sababu moyo umefikia kupiga kelele, na figo hazisikii tena. Renini na aldosteroni zinapiga kelele zaidi. Kelele hiyo imekuwa na faida kwa madaktari. Mwaka 2002 ilionyeshwa kwa wagonjwa 1,586 waliofika vyumba vya dharura wakitweta kwamba kipimo cha BNP katika damu husaidia kutenganisha anayetweta kwa moyo na anayetweta kwa mapafu. Kwa zahanati ya bondeni, kipimo hicho bado ni habari ya redioni kuliko kitu cha mezani.

Na ugonjwa wenyewe upo. Utafiti uliokusanya wagonjwa 1,006 wa moyo kushindwa katika nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, ulichapishwa mwaka 2012. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52. Ulaya ugonjwa huo ni wa wazee wa miaka 70 na zaidi, na chanzo chake mara nyingi ni mishipa ya moyo kuziba. Hapa chanzo cha kwanza kilikuwa presha, asilimia 45. Muhimbili, Dar es Salaam, utafiti wa Abel Makubi na wenzake wa mwaka 2014 ulileta picha hiyohiyo.

Miaka 52, mtu bado analipia watoto shule. Kivu Kusini mtu huyo akianza kuvimba miguu, akashindwa kulala chali, akaamka usiku anatafuta hewa dirishani, neno la kwanza mtaani si tansio. Ni karuho, sumu aliyotegewa na jirani. Familia inauza mbuzi, inamtafuta mtoa sumu, mgonjwa anatapishwa. Wakati huo maji yanazidi kujaa kwenye mapafu, na jirani asiye na kosa anaangaliwa kwa jicho baya. Si haki kuwacheka watu wanaofikiri hivyo. Ugonjwa usioleta maumivu kwa miaka kumi, kisha ukaangusha mtu kwa wiki moja, unafanana kweli na kazi ya adui.

Je, homoni hii haiwezi kugeuzwa dawa? Imejaribiwa. Japani wanadunga ANP kwa wagonjwa wa moyo tangu miaka ya 1990. Marekani iliruhusu BNP ya kutengenezwa mwaka 2001, ikasifiwa sana, ikauzwa sana. Mwaka 2011 utafiti wa watu zaidi ya 7,000 ukaonyesha haikupunguza vifo wala kurudi hospitalini. Njia iliyofaulu ilikuwa ya mzunguko: kumzuia anayeiharibu. Mwilini kuna kimeng'enya kinachoivunja homoni ya moyo, neprilisini. Dawa inayokizuia, ikiunganishwa na nyingine ya kuzuia mfumo wa renini, ilijaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 8,000, na matokeo ya mwaka 2014 yakaonyesha vifo vya moyo na kulazwa vimepungua kwa moja ya tano kuliko dawa ya zamani. Ni habari njema, na ni ghali.

Lakini wa Luberizi asikate tamaa, maana dawa inayofanya kazi ya jirani na homoni hiyo ipo kwenye rafu za kawaida tangu mwisho wa miaka ya 1950. Ni vidonge vya kukojosha vya jamii ya haidroklorothayazidi. Havipitii njia ileile ndani ya figo, lakini vinafika palepale: chumvi inatoka, maji yanaifuata, shinikizo linashuka. Ni bei nafuu. Ubaya wake ni kwamba vinamezwa kila siku, na watu hupenda dawa inayomalizika. Mgonjwa anajisikia vizuri wiki ya tatu, anaacha. Au vita vinafika barabarani, watu wanavuka Ruzizi kwenda Burundi na mifuko ya nguo, na vidonge vinabaki nyuma ya mlango. Ndivyo ilivyokuwa kwa wengi Desemba 2025. Kuacha dawa ghafla namna hiyo kunaweza kuleta kiharusi kambini.

Shirika la Afya Duniani lilihesabu mwaka 2023 watu wazima wapatao bilioni 1.3 wenye presha duniani, na karibu nusu yao hawajui. Kujua hakuhitaji maabara ya homoni. Kunahitaji mkanda wa mkononi, dakika tano za kukaa kimya bila kuzungumza, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini, na namba mbili. Zikisoma 140 kwa 90 au zaidi, zirudiwe siku nyingine kabla ya kuitwa ugonjwa.

Mwenye miaka 40 na kuendelea, na mama mwenye mimba hata awe na miaka 18, aende kituo cha afya kilicho karibu apimwe wiki hii, kisha namba zake aziandike kwenye karatasi aiweke pamoja na kadi ya uchaguzi, ili siku ya kukimbia iende naye.